Mtoto wa Meza: Mashine na Mbao, Tokea Kasha la Pwani Hata Sanduku la Kompyuta la Tukuyu

Waswahili wanapoiita droo "mtoto wa meza" hawafanyi mzaha. Jina hilo limebeba ukoo mzima. Droo hukatwa katika mbao zile zile zilizokatwa meza, hupigwa randa kwa mkono ule ule, huingia tumboni mwa mamaye na kutoka, na hata mtu asiyejua useremala akiitazama huona kwamba hao wawili ni wa nyumba moja. Droo iliyookotwa kwingine ikapachikwa hujitangaza yenyewe kwa rangi yake, kwa nyuzi zake, na kwa namna inavyokwama kila ikivutwa.

Kompyuta haikuingia katika nyumba za Afrika Mashariki kwa ukoo huo. Iliingia kama mgeni aliyefika na mavazi yake mwenyewe: sanduku la bati la chuma, lenye rangi ya maziwa yaliyochacha hapo mwanzo, kisha jeusi, lililotengenezwa mbali na mti wowote unaojulikana hapa. Likawekwa juu ya meza au chini yake, na meza haikuulizwa. Mtaani sanduku zima likapewa jina la "sipiyu", ijapokuwa sipiyu yenyewe ni kidude kidogo tu kilichofichwa ndani. Na wataalamu wa istilahi, waliokwisha kupendekeza "ngamizi" na "tarakilishi" kwa mashine yote, hawakupata kuliandalia sanduku jina lililotulia vinywani mwa watu. Kitu kisichokuwa na jina lake hasa ni vigumu kukitia katika ukoo.

Swali basi ni hili: je, mashine hii yaweza kuzaliwa na meza? Seremala wa Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, akiletewa meza ya kuandikia na akaombwa aiundie kompyuta sanduku la mbao lililofanana nayo, atakuwa anafanya jambo geni au atakuwa anarejea njia ya zamani? Historia inajibu kwamba njia hiyo ni ya zamani, na kwamba sehemu yake kubwa imepita pwani.

Kasha, santuri na redio

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa kwamba mbao na madini vyaweza kuishi pamoja. Kasha la bibi harusi limekaa vyumbani mwa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa kwa vizazi vingi, na makasha hayo, ambayo mengi yalisafiri kutoka Surat na pwani ya Malabar, ni ushahidi wa ndoa hiyo: mbao nene zilizopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba nyeupe na nyekundu, komeo za chuma, na ndani yake visanduku vidogo, vingine vya siri. Shaba haikuwekwa kwa pambo peke yake. Ilishika pembe zisiachane, ikazuia mbao zisipasuke, na ikaonesha wazi pale ambapo nguvu ya kasha ilikaa. Seremala wa kasha na mfua shaba walikuwa wakikamilishana, na hapana aliyemfichia mwenziwe kazi yake.

Kisha ikaja mashine ya kwanza yenye sauti. Mnamo mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya His Master's Voice. Sauti yake ilirejea nyumbani ikiwa ndani ya santuri, na santuri zile zilipigwa kwa gramafoni, ambayo kwa watu wengi haikuwa ila sanduku la mbao lenye mpini ubavuni. Chuma kilichozunguka, springi na meno yake, vyote vilifichwa ndani ya mbao. Waundaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wamelitambua jambo ambalo msomaji wa mashairi atalifahamu kwa wepesi: watu hukubali kitu kipya kwa urahisi zaidi kikija na umbo walilolizoea, kama vile fikra mpya inavyopokewa ikija na vina na mizani. Gramafoni haikuingia sebuleni kama mashine. Iliingia kama samani.

Redio ilifuata nyayo hizo. Katika miaka ya 1930 redio za Ulaya na Marekani zilikaa ndani ya makabati ya mbao yaliyong'arishwa, na maseremala waliyapinda mabega yake kwa ustadi. Mbao zilisaidia pia kazi yenyewe ya sauti, kwani ubao hutetemeka pamoja na spika na kuilainisha. Lakini mbao ni ghali, na mwaka 1949 jambo la kutazamwa lilitokea katika nchi jirani ya Rungwe. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuziwa redio ya betri iliyokusudiwa kwa Waafrika wasiokuwa na umeme wala fedha nyingi. Ilitiwa ndani ya bakuli la aluminiamu mfano wa sufuria, ikapakwa rangi ya buluu, na watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, mbali na betri. Sufuria ilikuwa rahisi na haikuliwa na mchwa. Uzuri wake ulikuwa katika kufika kwake. Baada ya mwaka 1954, redio ya kwanza ya transista ilipoingia madukani Marekani, plastiki ilichukua nafasi ya mbao na ya sufuria pia, na seremala akatolewa katika habari ya mashine.

Meza yafika Rungwe

Ama kwa upande wa Rungwe, habari ya mbao ni ndefu kuliko habari ya meza. Mskochi Joseph Thomson alipopita upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabu kwa unadhifu wa makazi aliyoyaona baina ya migomba. Na wamishonari waliomfuata waliandika kwa mshangao ule ule juu ya nyumba za Wanyakyusa, zilizofumwa kwa mianzi na kukandikwa udongo kwa mpango. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao huko baina ya 1934 na 1938, walieleza namna vijana walivyokuwa wakitoka kwa wazazi wao na kujijengea kijiji chao wenyewe, rika moja pamoja. Katika nchi ambayo mtoto alianza kujenga kabla hajaota ndevu, mkono uliojua kupima, kukata na kuunganisha haukuwa mkono wa watu wachache. Ulikuwa sehemu ya malezi.

Meza ya kuandikia, hata hivyo, ililetwa na vitabu viwili: kitabu cha dini na kitabu cha kodi. Mwaka 1891 Wamoraviani wakiongozwa na Theodor Meyer walianzisha kituo cha Rungwe, chini ya mlima wenye kilele cha karibu mita 2,960. Mwaka huo huo Wamisheni wa Berlin, wakiwa na Alexander Merensky, waliingia upande mwingine wa nchi ya Wanyakyusa. Ng'ambo ya kusini, Waskochi walianzisha mwaka 1894 chuo cha Overtoun huko Kondowe, ambapo useremala na uchapaji vilifundishwa bega kwa bega na kusoma. Kituo cha misheni hakikuweza kusimama bila ya milango, madirisha, mabenchi na madawati, na vyote hivyo vilitaka msumeno na randa.

Kitabu cha kodi kilikuja na serikali ya Wajerumani. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, na kodi haiwezi kukusanywa bila ya orodha, wala orodha haiandikwi juu ya goti. Boma la kwanza la Wajerumani katika upande huo, lililoitwa Langenburg, lilikuwa kando ya Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 makao hayo yalihamishiwa milimani, mahali palipopewa jina la Neu Langenburg, napo ndipo Tukuyu ya leo. Majeshi ya Jenerali Northey yaliiteka mwishoni mwa Mei 1916, na bendera zikabadilika, ila meza zilibaki na kazi ile ile. Karani alikaa upande mmoja, mlipa kodi alisimama upande wa pili. Kwa watu wengi wa Rungwe, meza ya kwanza waliyoiona haikuwa ya kulia chakula. Ilikuwa ukuta mfupi baina ya mtu na mamlaka.

Jambo hilo si dogo katika habari hii. Mtu anayeamua leo kuwa na meza yake mwenyewe ya kuandikia, nyumbani kwake, amekiteka kile kiti cha karani. Na mashine anayoiweka juu yake, yenye uwezo wa kuhesabu kodi ya wilaya nzima kwa muda wa kufumba na kufumbua, nayo ina historia ya kuwa ukuta.

Mgeni wa 1965 na mlango wa 1974

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mashine za wakati huo hazikuwa na haja ya meza. Zilikuwa na chumba chao, ubaridi wao na watumishi wao. Mwananchi hakuziona, wala hakuna aliyefikiria kuzivisha mbao. Mambo ya hesabu za serikali yaliyokabidhiwa mashine hizo hayakwenda kama ilivyotarajiwa: wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, wa kigeni walikuwa ghali, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ila kwa kibali maalumu, na televisheni nazo zikaingizwa katika amri hiyo.

Msomaji wa visiwani atakumbuka kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, yaani 1973, Zanzibar ilikuwa imeanzisha televisheni ya rangi, ya mwanzo katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Hivyo kwa miaka ishirini na zaidi, hata vituo vya televisheni vilipoanza Bara mwaka 1994, bahari nyembamba iligawa pande mbili za jamhuri moja: upande mmoja watu wakitazama kioo chenye rangi, na upande wa pili kioo hicho kikizuiliwa bandarini.

Amri ya 1974 imelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki. Lakini ndani yake mlikuwa na swali ambalo kulegezwa kwa marufuku hakukulijibu: kuna faida gani kununua mashine ambayo hapana mtu nyumbani awezaye kuifungua? Methali husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kompyuta ilizuiliwa mlangoni kwa sababu wenyeji hawakujua jembe lipi wampe. Milango ilipofunguliwa, na Sera ya Taifa ya Teknohama ikatolewa mwaka 2003, mashine zikamiminika, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya na Arabuni, na mafundi vijana wa mijini wakajifunza kuzifungua kwa bisibisi na kwa ujasiri. Hapo ndipo mgeni alipoanza kulima. Na hapo ndipo seremala naye alipopata nafasi ya kurejea, kwani mtu akishajua kilichomo ndani ya sanduku, huanza kujiuliza kwa nini sanduku lenyewe liwe vile.

Masanduku ya mwanzo yalikuwa ya mbao

Wengi hudhani kwamba kompyuta ilizaliwa ndani ya chuma na plastiki. Si hivyo. Mwaka 1976 Steve Wozniak na Steve Jobs walipoanza kuuza Apple I huko California, waliuza bodi tupu yenye vidude vyake, kwa bei ya dola 666.66. Sanduku lilikuwa juu ya mnunuzi. Ziliundwa mashine kama 200 tu, na baadhi yake zilivishwa masanduku ya mti wa koa, unaoota visiwani Hawaii. Moja katika hizo ilinadiwa Marekani mwaka 2021 kwa dola 400,000. Mwaka huo huo wa 1976 ilitoka Sol-20, kompyuta iliyouzwa ikiwa na mbavu mbili za mbao za mti wa jozi, kusudi ipate kukaa nyumbani bila ya kuonekana ni kipande cha maabara.

Kisha mambo yakapinduka. Kufikia 1977 mashine ya michezo ya Atari ilikuwa na uso wa plastiki uliochapwa michirizi ya mbao: mbao zimebaki kama kumbukumbu, mti wenyewe umekwisha kuondoka. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, ilikuja ndani ya chuma, na biashara za dunia nzima zikaifuata. Faida za chuma zilikuwa za kweli: hukatwa kwa mashine kwa maelfu, hakipindi kwa mvua, na huzuia mawimbi ya redio yatokayo ndani ya kompyuta yasisumbue redio na televisheni za jirani.

Lakini mwaka 1995 jambo moja lilimrejeshea seremala ufunguo, bila ya kumkusudia. Kampuni ya Intel ilitangaza kanuni ya vipimo iitwayo ATX. Kwa kanuni hiyo, bodi mama kubwa ina urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244, na matundu ya skrubu zake yako mahali pamoja popote bodi itakapoundwa. Kifaa cha kugawia umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, kina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Mwaka 2001 ikaongezwa bodi ndogo ya mraba, milimita 170 kila upande. Vipimo vikishakuwa vya watu wote, si siri ya kiwanda kimoja, mwenye rula na penseli aweza kuliunda sanduku popote, Tukuyu ikiwamo.

Kuliunda sanduku katika nchi ya mvua

Rungwe si mahali pepesi kwa mbao. Upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, hukutana na milima, na mvua hunyesha kwa miezi mingi, kwa jumla inayopita milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi za wilaya. Migomba na chai hushukuru, ubao haushukuru. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kufura, hutoa unyevu na kusinyaa, na mwendo wake ni wa upana, si wa urefu: kwa urefu wa nyuzi haubadiliki sana, lakini kwa kukata nyuzi waweza kuongezeka au kupungua milimita kadhaa. Na sanduku la kompyuta lina tabu ya kipekee, kwamba nje yake ni masika na ndani yake ni kiangazi. Mashine ikiwaka, uso wa ndani wa ubao hukauka hali wa nje ungali mbichi, na ubao huo hupinda kama kiganja kinachofumba.

Dawa yake ni ya zamani kama milango ya paneli. Ubao mpana haufungwi kwa gundi na misumari pande zote nne. Hutiwa ndani ya fremu yenye mfereji, ukaachwa upumue. Fremu hushikwa kwa ulimi na tundu, nayo haibadiliki kimo. Kibao cha katikati hufura na kusinyaa bila ya kumwambia mtu. Kabla ya hapo mbao zenyewe lazima zikaushwe kivulini, zikipangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Kanuni ya maseremala wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na katika nchi ya mvua aliyefanya haraka hulipa msimu unaofuata.

Jambo la pili ni joto. Kompyuta ya mezani yaweza kula umeme wa wati 100 hata 300, na karibu wote hugeuka joto. Bati hulitoa joto hilo nje kupitia mwili wake. Ubao hulizuia, kama blanketi. Hapana haja ya kuogopa moto kwa sababu hiyo peke yake, kwani vidude vya kompyuta hujizima vikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na ubao hauwaki mpaka upite nyuzi 200. Lakini mashine iliyofinikwa hufa mapema. Basi hewa lazima iandaliwe njia. Hewa baridi iingie chini mbele, hewa moto itoke juu nyuma, ikisukumwa na feni ya milimita 120, kwa sababu joto lenyewe hupenda kupanda. Watu waliojenga nyumba za pwani kwa matundu ya hewa juu ya milango hawakuhitaji kuambiwa haya. Uso wa mbele waweza kufanywa kwa vijiti vyembamba vilivyopangwa kama vya dirisha la mashrabia, vikapitisha hewa na kuficha vumbi kwa kitambaa chepesi nyuma yake.

Jambo la tatu ni lile la mawimbi na usalama wa umeme, na hapa seremala peke yake hatoshi. Ubao hauzuii mawimbi, wala haupitishi umeme kwenda ardhini. Kwa hiyo ndani ya sanduku huwekwa bitana ya bati jembamba la aluminiamu. Bodi mama hufungwa juu yake kwa vinguzo vidogo vya shaba, na bati hilo huunganishwa na mwili wa pawasaplai, ambao nao umeunganishwa na waya wa ardhi. Kazi hiyo ni ya fundi bati, yule yule anayetengeneza makarai na mabomba ya maji ya mvua. Seremala na fundi bati wakikaa kwenye benchi moja, kasha la pwani na redio ya sufuria vimekutana: mbao nje, aluminiamu ndani, na kila kimoja kikifanya kile ambacho mwenziwe hakiwezi.

Kufanana na mama

Baada ya hayo yote hubaki lile lililoombwa tangu mwanzo, yaani sanduku lifanane na meza. Wanaoanza kazi hudhani kufanana ni rangi, wakakimbilia dukani kutafuta vanishi. Rangi ndiyo sehemu ya kufanana inayodanganya zaidi. Meza iliyokaa miaka thelathini imeguswa na mwanga, mikono na mafuta ya taa. Ubao mpya wa mti ule ule utatofautiana nayo hata ukipakwa nini. Fundi aliyekomaa hutazama kwanza mambo mengine. Nyuzi za meza zinakimbilia wapi? Kingo zake zimeachwa kali au zimevunjwa kwa randa? Miguu yake ina unene gani ukilinganisha na kimo chake? Viungo vyake vimefichwa au vimeachwa vionekane? Akiyafuata hayo, sanduku hutambulikana kuwa la ukoo hata likiwa jeupe kidogo, na miaka hulimalizia. Akiyaacha, hapana vanishi itakayoliokoa.

Ufanani ulio bora kuliko wote ni wa meza na sanduku kukatwa katika gogo moja, nyuzi zikatoka katika uso wa meza na kuendelea katika ubavu wa sanduku. Lakini hapa historia ya Rungwe huingia tena. Meza nzuri nyingi za Tanzania ni za mninga, mti uliosifiwa kwa rangi yake ya udongo mwekundu na kwa kutulia kwake, kwa maana haupindi wala kusinyaa ovyo. Mninga hauoti katika mvua za Rungwe. Ni mti wa misitu ya miombo, upande wa Chunya na Tabora, na ile mikubwa imepungua kwa kukatwa. Miti ya asili ya mlima Rungwe nayo si ya kuchukuliwa. Katika misitu hiyo, mwaka 2003, watafiti walikutana na kima ambaye wenyeji walimwita kipunji, naye akatangazwa kwa dunia mwaka 2005 kuwa ni aina isiyopata kuandikwa na wanasayansi. Mwaka 2009 msitu wa mlima Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia. Kima mmoja aliyejulikana kwa wazee na kutojulikana kwa vitabu aligeuka mlinzi wa miti.

Basi seremala wa Tukuyu, mwenye meza ya mninga mbele yake na msonobari na mkaratusi wa kupandwa nyuma yake, yuko katikati ya tamaa mbili. Aweza kutafuta mninga wa magendo apate kufanana kamili. Aweza pia kuchukua ubao wa meza iliyovunjika, au mlango uliotupwa, akaurandua upya. Mninga wa zamani umekwisha kukauka na hautapinda tena. Au aweza kuunda mwili wa sanduku kwa msonobari wa shamba, akauweka mninga mdogo alionao pale tu jicho linapotua: kingo za mbele na ukanda wa juu. Njia mbili hizi za mwisho si za umaskini. Makasha mengi ya pwani nayo yaliundwa na kukarabatiwa hivyo, kipande cha zamani kikitiwa katika kipya, na thamani yake haikupungua.

Hapo ndipo kazi hii inapoacha kuwa anasa ya mwenye fedha. Kompyuta hukongoka upesi. Bodi mama iliyo bora leo baada ya miaka saba haifai. Sanduku la bati lililonunuliwa nayo hutupwa nayo. Sanduku la mbao lililoundwa kwa vipimo vya wote, lenye ubavu unaofunguliwa kwa skrubu nne badala ya kupigwa misumari, hubaki likibadilishiwa matumbo, kama droo inavyobadilishiwa makaratasi. Fundi wa kompyuta hulifungua, fundi bati hulikaza bitana, seremala hulipiga msasa. Lile swali la 1974, la nani nyumbani awezaye kuifungua mashine, hupata majibu matatu, na wote watatu wanaweza kupatikana katika mtaa mmoja wa Tukuyu.

Mashine iliyofikia hapo imekwisha kupewa jembe. Mwenye meza akivuta droo yake ya kulia hukuta kalamu na risiti. Akinyoosha mkono wa kushoto hukuta ubao wa nyuzi zile zile, wenye joto kidogo kwa kuguswa, na nyuma yake feni inayovuma polepole mvua ikinyesha. Watoto wa meza ni wawili.